Mtoto wa pande mbili apewe majina ya pande mbili

Wasikilizaji wapendwa wa Butembo, Beni, Oicha na Lubero, nanyi ndugu zetu mliokimbia makwenu mkapokelewa huku, leo sileti habari za kikao cha meya wala za barabara iliyokatika. Naleta neno juu ya majina ya watoto, na nitalisema wazi hata kama litawachoma wazee wengine na jirani wengine.

Neno lenyewe ni hili. Mtoto ambaye baba yake ni Muyira na mama yake ni Mbira, Mlese, Mhema, Mlendu, Mhutu, Mhunde au Mbuti, ama kinyume chake, siku hizi anafichwa upande mmoja tangu siku anapopewa jina. Wazazi wanafanya hivyo kwa woga. Familia zinafanya hivyo kwa kiburi. Na majirani wanasema ndiyo busara. Mimi nasema si busara. Tabia hiyo haina mizizi katika mila yetu, haina msingi katika sheria ya nchi, na inatia kuni kwenye vita ambavyo kila siku tunadai tumechoka navyo.

Kwanza tukumbushane jinsi tulivyofika hapa. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mnamo Oktoba 2014, watu wa Eringeti, Mbau, Kamango na vijiji vingi vingine wamehama mara mbili, mara tatu. Wengine walishuka Oicha, Beni na Butembo. Wengine walienda upande wa Mambasa na Irumu, huko Ituri, kutafuta shamba la kakao. Huko nako vita vikawafuata, wakarudi na wake, waume na watoto waliopatikana huko. Halafu mwishoni mwa Juni 2024 Kanyabayonga ikaingia mikononi mwa M23, na watu wa kusini mwa teritwari ya Lubero, ambako Wayira, Wahutu na Wahunde wamekaa pamoja miaka mingi, wakapanda hadi kwetu na magodoro kichwani. Watu wakihama, wanaoana, na watoto wanazaliwa. Hakuna la kushangaza hapo. La kushangaza ni maneno yanayosemwa pale mtoto anapozaliwa.

Nendeni mkasikilize kwenye materniti zetu na kwenye nyumba zinazopokea wakimbizi. Mama wa Komanda amejifungua kijana Butembo, anataka kumpa jina la baba yake mzazi. Shangazi wa mume anamwambia, "Acha hilo jina, litakuletea shida kwenye bariera." Mama mwingine, Mhutu wa upande wa Kayna, ameolewa na Muyira, amezaa msichana wa kwanza. Ukoo wa bwana unajibu, "Huyu hatutamwita Masika, kwani mama yake si wa kwetu." Na wa tatu, binti aliyetoroka mikononi mwa waasi akiwa na mimba, amezaa, na hakuna hata mtu mmoja wa nyumbani anayekubali kumtamkia mtoto jina. Mtaa ndio unampa: "mtoto wa pori". Mtoto huyo anakua akiitika hilo, kwa sababu hajasikia lingine.

Hayo ni makosa matatu ya namna tofauti, lakini yana shina moja: tunadhani jina ni uzio wa kufungia watu nje. Wazee waliotuachia majina haya hawakuyafanya kwa kazi hiyo.

Jina letu linahesabu nini

Kila mtu hapa anajua mpangilio. Kijana wa kwanza ni Mumbere au Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Msichana wa kwanza ni Masika, halafu Kavira, Kavugho, Kahambu, Katungu. Kutoka Bashu hadi Baswagha, kutoka Batangi hadi Bamate, kuna tofauti ndogo ndogo, na wazee watabishana juu yake hadi jioni. Muhindo na Kahindo wanatangaza kwamba mambo yamegeuka: kijana amefika baada ya wasichana, au msichana baada ya wavulana. Ng'ambo ya mpaka, kwa Wakonzo wa Kasese nchini Uganda, hesabu ni ileile kwa sauti nyingine kidogo: Kambale wetu ni Bwambale wao, Kasereka ni Masereka, Kakule ni Kule, Katembo ni Thembo. Mfalme wao wa Rwenzururu anaitwa Charles Wesley Mumbere. Aliyekuwa gavana wetu kutoka 2007 hadi 2019 anaitwa Julien Paluku. Majina hayo mawili hayahitaji mkalimani huku kwetu.

Sasa tujiulize. Jina Kambale linasema nini juu ya mtu? Linasema ni kijana wa pili. Basi. Halisemi ukoo wake. Halisemi baba yake ni nani, wala kijiji chake ni kipi. Ita "Kambale!" katika soko kuu la Butembo siku ya biashara uone wangapi watageuka. Ndiyo maana baada ya jina la mpangilio huja jina lingine, la babu, la tukio, la mtu aliyeheshimiwa katika familia, na hilo ndilo linaloeleza mtu anatoka wapi.

Na hesabu hiyo inafuata tumbo la nani? La mama. Katika nyumba ya bwana mmoja mwenye wake wawili, wote wawili wanaweza kuwa na Masika wao, kwa sababu kila mama anahesabiwa alichozaa yeye. Baba mkwe hahesabu mbegu za mwanawe. Anahesabu watoto aliowaleta mama yule. Sasa, shangazi unayesema kwamba msichana wa kwanza wa mama Mhutu si Masika, nieleze: ni wa ngapi basi? Amezaliwa wa kwanza, na ni msichana. Ukimnyima Masika hujalinda mila. Umesema tu kwamba mama huyu hajazaa.

Vivyo hivyo kwa binti aliyerudi kutoka msituni. Tumbo ni lake, na yeye ni binti wa kwenu. Kijana wake wa kwanza ni Mumbere au Paluku kama wa dada zake. Mila iliyokuwa tayari kumpokea mtoto wa binti aliyezalia nyumbani kabla ya ndoa haiwezi leo kujifanya haimjui huyu. Aliyefanya ubaya ni mwingine. Mtoto hakubeba silaha.

Kwa hiyo majina yetu yana nafasi mbili tayari: moja ya kumpokea mtoto katika hesabu ya nyumba, nyingine ya kueleza damu yake. Na sisi Wakongo tumeongeza ya tatu, jina la ubatizo au la kisasa. Jaza fomu yoyote katika nchi hii: jina, jina la pili, jina la ubatizo. Fomu hiyo inamtosha mtoto wa pande mbili bila kubanwa. Kambale, halafu jina la babu yake wa Komanda, halafu Daniel. Nani ameumia? Mtoto akienda kwa baba anaitwa Kambale, akienda kwa wajomba anaitwa kwa jina la babu, shuleni anaitwa Daniel. Ni mtoto yuleyule.

Waliojaribu kuchagua kwa niaba ya mtoto

Wako waliowahi kuamua kwamba mtoto wa pande mbili lazima awe wa upande mmoja, na tunajua walichovuna.

Wakati wa Kongo ya Wabelgiji, serikali ya kikoloni iliwachukua watoto waliozaliwa na mama Mwafrika na baba mzungu, ikawatenga na mama zao na kuwaweka kwenye misheni. Wengi walibadilishiwa majina, na wengine hawakujua tena ndugu zao. Wanawake watano kati ya watoto hao, waliolelewa katika misheni ya Katende huko Kasai, walipeleka serikali ya Ubelgiji mahakamani wakiwa tayari nyanya. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Bruseli iliamua kwamba kitendo hicho kilikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kabla ya hapo, Aprili 2019, waziri mkuu Charles Michel alikuwa ameomba msamaha bungeni. Zaidi ya miaka sabini imepita tangu walipochukuliwa, na wanawake hao walikuwa bado wanadai jambo lilelile: upande wa mama waliokatwa. Tusiseme basi kwamba jina ni kitu kidogo ambacho mtoto atasahau.

Halafu akaja Mobutu. Mwaka 1972, katika siasa yake ya uhalisi, aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko, na akawalazimisha raia wote waache majina ya kigeni. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga na akalazimika kukaa Roma kwa muda. Wazee wetu waliitwa hivi ofisini na vile kanisani. Leta ilidhani ikishika jina imemshika mtu. Lakini mama aliyembatiza mwanawe Petro aliendelea kumwita Petro jikoni, na utawala ulipoanza kulegea, akina Petro wakatoka wote hadharani. Jina lililokatazwa halifi. Linajificha tu, na linapojificha linazaa chuki.

Hata vijana wetu wanaopenda michezo na sinema za mazimwi wamekutana na swali hili. Kuna mchezo wa Marekani, Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anajitungia mtu wa hadithi na kumpa asili, kazi na jina. Katika hadithi hizo kuna viumbe wanaoitwa elfi, wanaofanana na watu lakini wanaishi miaka mingi sana, na kuna nusu-elfi, mtoto wa elfi na binadamu. Mchezaji anayemtunga nusu-elfi anakwama palepale mama wa Komanda anapokwama: jina la upande upi? Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014 kilisema kwamba nusu-elfi aliyelelewa na binadamu mara nyingi hupewa jina la kielfi, na aliyelelewa na elfi huchukua jina la kibinadamu, kana kwamba kumkumbusha kuwa si wa hapa wala wa kule. Na katika hadithi za Mwingereza Tolkien, zilizoandikwa kabla ya mchezo huo, ndugu wawili wa damu mchanganyiko, Elrond na Elros, wanatakiwa kuchagua: mmoja akachagua elfi, mwingine akachagua binadamu, na uchaguzi huo ukawatenga.

Hiyo ni michezo, na kijana akichoka na jina alilotunga anachukua karatasi nyingine. Toleo la mchezo huo la mwaka 2024 halikumweka tena nusu-elfi kama asili ya peke yake, na hakuna aliyelala njaa. Lakini tazameni jinsi fikira ileile ilivyo rahisi kuingia kichwani mwa mtu wa Marekani, wa Uingereza na wa Butembo: mtoto wa pande mbili achague, au akose kwao. Kwetu karatasi ni cheti cha kuzaliwa, na Elrond na Elros wetu wanasoma darasa moja kwenye shule ya msingi.

Wanaonipinga

Najua mtakayojibu. Nimesikia hoja tatu, na kila moja inastahili jibu.

Ya kwanza ni usalama. "Wewe mtu wa redio umekaa mjini. Jina la upande ule linaweza kumuua mtoto njiani." Hoja hii siichezei. Tumeona bariera ambako vijana wenye silaha wanasoma kadi ya uchaguzi kabla ya kumtazama mtu usoni, na jina likawa hukumu. Mama aliye njiani na mtoto mgongoni aseme jina lolote litakalomvusha. Simlaumu, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Lakini kusema jina la kuvukia ni kitu kimoja, na kuandika uongo huo kwenye cheti, kwenye ubatizo na shuleni, ili mtoto auishi maisha yake yote, ni kitu kingine.

Tena, je, uongo huo unaokoa kweli? Wanaoua usiku kwa panga katika vijiji vya Beni hawaulizi jina. Wameua Wayira, Walese, Wambuba na Wambuti bila kubagua. Na wale wanaouliza jina wanasikiliza pia lafudhi, wanatazama uso, wanauliza kijiji, wanamwita jirani atoe ushahidi. Mtoto mwenye jina la kuficha akigunduliwa anaonekana jasusi. Mwenye jina lake kamili ana angalau babu pande mbili wanaoweza kusimama na kusema, "Huyu ni wetu." Kosa ni la anayeuliza kabila barabarani. Tukimzoea huyo na kuwapangia watoto majina kwa kumwogopa, yeye ndiye atakuwa afisa wa kuandika majina katika nchi hii.

Ya pili ni mila: "Mtoto ni wa baba." Sawa, na mahari imelipwa, na shamba linafuata baba. Sijasema mtoto aondolewe kwa baba. Nimesema aongezewe mama. Nani kati yetu hakuwahi kukimbilia kwa wajomba mambo yalipokuwa magumu kwa baba? Mwaka huu, miongoni mwa familia zilizokimbilia Butembo, ngapi zimepokelewa na upande wa mama? Mnakula maharagi ya wajomba, mnalala kwenye nyumba ya wajomba, kisha mnasema jina la wajomba lisiandikwe.

Ya tatu inasemwa kwa sauti ya chini: "Wapo wanaovaa majina yetu ili waingie, wapate kadi, wapate ardhi." Hofu hiyo ina historia katika Kivu, sitaifunika. Lakini fikirini hadi mwisho. Ikiwa mtu anaweza kuvaa jina Kasereka asubuhi na kulivua jioni, basi jina si ushahidi wa chochote, na mnaacha kazi ya kweli, ya kuuliza karatasi, mipaka ya shamba na mashahidi, ili mshike kitu ambacho mnasema wenyewe kinaghushiwa. Tena, mnapomwambia mama Mhutu wa Kayna afiche upande wake nyuma ya jina la Kiyira, mnafundisha kujificha kulekule mnakokuogopa. Mtoto anayebeba majina yote mawili wazi hajajificha. Yeye ndiye wa mwisho kumshuku.

Sheria iko upande gani

Wengi wanadhani sheria inawakataza. Sivyo. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inasema jina linaweza kuwa na sehemu moja au zaidi, na litoke katika urithi wa utamaduni wa Kongo. Haijasema urithi wa kabila moja. Mbira ni Mkongo, Mlese ni Mkongo, Muyira ni Mkongo. Sheria hiyohiyo inakataza jina la matusi au la kumdhalilisha mtu, kwa hiyo yeyote atakayejaribu kuandika "mtoto wa pori" kwa lugha yoyote anavunja sheria. Inasema pia kwamba kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na hakuna aliye na haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje.

Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema mzazi mmoja Mkongo, baba au mama, anatosha kumfanya mtoto kuwa Mkongo tangu kuzaliwa. Hili wasikie hasa akina mama waliozaa na mtu wa nje, awe askari wa kigeni aliyekwenda zake au mpiganaji aliyewateka. Mtoto wenu si mgeni. Msikubali mtu awaambie vingine.

Na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inataka mtoto aandikishwe katika siku 90 baada ya kuzaliwa, na kuandikisha ndani ya muda huo ni bure. Baba anaweza kwenda, mama anaweza kwenda, na wakikosekana hata ndugu wa karibu au mtu aliyeshuhudia uzazi. Ukipitisha siku hizo lazima upitie tribinali kupata hukumu, na hapo ndipo safari na franka zinapoanza. Uchunguzi wa taifa wa afya wa 2013-2014 ulikuta mtoto mmoja tu kati ya wanne wenye umri chini ya miaka mitano ameandikishwa. Wakimbizi ndio wanaokosa zaidi, kwa kuwa karatasi ya materniti inapotea njiani, na siku 90 zinaisha wakiwa bado wanatafuta pa kulala.

Jambo moja zaidi la kukumbuka: jina likishaandikwa, mpangilio wake na herufi zake havibadilishwi hivihivi. Kubadilisha ni kwenda mbele ya hakimu tena. Kwa hiyo mama, kabla ya kufika mbele ya karani, andika majina yote ya mtoto kwenye karatasi, herufi kwa herufi, umpe anakili. Karani asiyelijua jina la Kilese ataliandika kama alivyolisikia, na mtoto ataendelea na kosa hilo hadi diplomu.

Ninachowaomba

Wazee wa ukoo, mtoto akizaliwa ulizeni swali moja tu la kale: ni wa ngapi kwa mama yake? Jibu litawapa jina. Halafu mwiteni babu wa upande wa pili, au mtumieni ujumbe kwa simu kama yuko mbali, atoe lake. Kijiji kitaona, na vijana wenye silaha nao ni watoto wa vijiji. Wataona.

Mapadri, wachungaji na maimamu, msikubali mtoto aletwe bila jina la nyumbani. Mnaweza kumsubirisha baba wiki moja ili aende kulitafuta. Mmewahi kusubirisha watu kwa mambo madogo kuliko hilo.

Akina mama wakunga na wauguzi, nyinyi ndio mnaoandika jina la kwanza kabisa kwenye kadi ya uzazi. Shangazi akisema na mama akanyamaza, mwulizeni mama mwenyewe. Msiandike hadi amejibu.

Walimu, jina msilolizoea lisiwe kichekesho darasani. Litamkeni vizuri siku ya kwanza, mbele ya wote, na darasa litafuata. Mkisikia "mtoto wa pori" kwenye uwanja wa michezo, simamisheni mchezo.

Serikali na ofisi zake, bure iwe bure. Muda wa siku 90 kwa mtu aliye katika makazi ya tatu katika miezi mitatu ni dhihaka. Makarani waende kwenye vituo vya wakimbizi na kwenye komini zinazowapokea, Mulekera, Ruwenzori, Bulengera, Vulamba na nyinginezo, na rejista mkononi, na mahakimu wawafuate kwa ajili ya waliochelewa.

Nanyi waandishi wenzangu, mtu akikamatwa au akiuawa, acheni kutangaza kabila lake mlilolikisia kutoka kwenye jina lake. Semeni jina kama lilivyo na alichofanya. Anayemsikiliza mtangazaji akibahatisha kabila anajifunza kubahatisha vilevile, na kesho anabahatisha akiwa na silaha.

Mwisho ni nyinyi wazazi wa watoto hawa. Mnapoogopa, nawaelewa. Lakini siku moja mtoto ataulizwa, "Na wewe ni wa wapi?" Akijua upande mmoja tu, atajibu kwa kigugumizi, na wengine watamjazia upande wa pili kwa maneno mabaya. Akiwa na majina yote, atayataja moja baada ya lingine na kuongeza mahali walipozikwa babu zake. Siku 90 zinahesabika tangu mtoto alipozaliwa. Kama hazijaisha, kesho asubuhi chukueni karatasi ya materniti, mwende kwenye ofisi ya eta sivili ya komini mnakoishi. Kama zimeisha, anzeni kuulizia tribinali ya watoto, wala msisubiri vita viishe.